Maji Tuliyoyachemsha

4 Machi 1956, Jumapili

Mvua ya masika imeanza leo Wakristo wakitoka misani. Nimewatazama kutoka barazani wakikimbia na viatu mkononi, nikacheka peke yangu. Kadiri, mume wangu, akasema nina roho mbaya. Sina roho mbaya, ila mvua ya Gisenyi haina adabu, na mtu aliyezaliwa hapa alipaswa kuijua kuliko mimi niliyekuja kuolewa.

Mimi ni mtu wa Ujiji. Baba alinifundisha kusoma na kuandika kabla hajanitoa kwa Kadiri, mfanyabiashara wa ngozi. Anazinunua kwa wafugaji wa Mudende, anazitumbukiza kwenye pipa la dawa ili wadudu wasizile, kama sheria inavyotaka, kisha anazianika bandani kwake mlimani, juu ya mtaa wetu wa Waislamu. Upepo mzuri uko huko. Tuna mtoto mmoja, Hadija, ambaye ameanza kung'oka meno ya mbele. Wawili waliomtangulia walitutoka kabla ya kutambaa, kwa hiyo huyu namlinda mpaka watu wananisema.

Kadiri ametoa saruji ya birika jipya la kutawadhia msikitini. Mwalimu amemwombea dua mbele ya wanaume wote, naye amerudi nyumbani akitembea polepole ili kila mtu apate nafasi ya kumpongeza. Nilimpikia wali.

6 Machi

Mvua. Nguo hazikauki.

11 Machi

Leo tumesomewa amri. Mbonigaba, askari wa afya, alisimama penye chemchemi na kofia yake, akatangaza kwamba kuna ugonjwa wa kuhara, kwa hiyo maji ya kunywa yatoke hapa tu, kwenye chemchemi iliyojengewa na serikali, na kila nyumba iyachemshe. Maji ya ziwa ni marufuku. Atakayekutwa nayo atafungwa.

Hakumaliza kusema, akapita Drocella na mtungi kichwani. Huyu ni muuza samaki kutoka Rubona, huko ziwani; huja kila asubuhi, naye amekodi kibanda chetu cha uani. Mbonigaba akamrukia.

"We mama, weka chini hiyo mutungi! Si nimesema sasa hivi?"

"Bwana, huku foleni iko murefu, na samaki yangu inaoza. Hii ni maji ya ziwa, tunakunywa tangu zamani."

"Ni ya zamani, bon. Leo iko défendu."

Akaumwaga mtungi wote. Drocella akamwambia maji ya Mungu hayana mwenyewe, na kwa jibu hilo akapelekwa kufungwa. Wanawake wa mtaa tulicheka. Nilisema kwa sauti kwamba watu wa ziwani hawapendi usafi, mtu anaoshea samaki na kunywa palepale. Walinipigia makofi.

13 Machi

Mvua kutwa. Kadiri ameshusha ngozi nyingi kutoka Mudende. Ana furaha.

19 Machi

Hadija ametapika chai ya asubuhi. Nikasema ni maembe mabichi. Baadaye akatapika na uji.

21 Machi

Anaharisha. Maji matupu.

25 Machi

Tumekwenda zahanati. Muuguzi ni kijana anayeitwa Viateur, mpole, mikono yake safi sana. Alimbonyeza Hadija tumbo, akamtazama ulimi.

"Bon, mama. Ni hii kuhara ya masika. Unachemsha maji?"

"Nachemsha."

"Chemsha zaidi. Ichemke, uache, ichemke tena. Kisha umupe mingi, mutoto asikauke. Maji ndiyo dawa, donc usimunyime."

Nilimpenda. Ni mara ya kwanza mtu wa zahanati kuniambia jambo ninaloweza kulifanya mwenyewe.

2 Aprili

Siku hizi sufuria haitoki jikoni kwangu. Nateka alfajiri kabla ya foleni, nachemsha mpaka maji yapungue nusu, nayaacha yapoe, namnywesha Hadija kikombe baada ya kikombe. Akikataa namshika pua. Mbonigaba alipopita kukagua alifunua sufuria, akawaita majirani waje waone. "Muangalie nyumba ya mama Hadija! Kama wote mungekuwa hivi, hakuna mutu angegonjwa." Niliona fahari, siwezi kusema uongo.

Lakini mtoto hapati nafuu. Anasema nyayo zinamwaka moto.

3 Aprili

Mvua, na radi.

9 Aprili

Si Hadija peke yake. Nyumba ya mshona viatu wanatapika wote. Mama Sada, jirani yangu, amelala hoi. Wengine wameanza kunong'ona kwamba chemchemi imeharibika, kwa hiyo wanaume walimwita Mwalimu wa msikiti aje aitazame.

Mwalimu ni mzee wa haki, hasengenyi mtu, hadaiwi. Alikinga maji kwenye bakuli jeupe. Akayaangalia kwenye mwanga, akayanusa, akayaweka ulimini. Akasema, "Rangi haikubadilika, harufu haikubadilika, ladha haikubadilika. Maji haya ni twahara, yanafaa kwa udhu." Watu wakashukuru, wakajaza ndoo. Nami nikajaza yangu. Kweli yalikuwa maangavu, ningeweza kuhesabu changarawe za chini.

12 Aprili

Ramadhani imeandama. Kadiri anafunga na kufanya kazi banda zima peke yake, maana msaidizi wake naye anaumwa tumbo. Nimemwonea huruma.

16 Aprili

Mtoto mchanga wa mshona viatu amezikwa leo.

18 Aprili

Wakati wa kufuturu mtu anakunywa kikombe cha kwanza na kukimbilia nje. Tunasema ni tumbo tupu. Mama Sada amefariki. Tulimwosha kwa maji ya chemchemi, na wakati wa kumwosha nikaona viganja vyake vimekuwa vigumu, vina vipele vipele. Nilirudi nyumbani nikafungua viganja vya Hadija. Ni vilevile.

Nimelia mpaka Kadiri akanikasirikia, akasema namwita Malaika wa mauti kwa mdomo wangu.

20 Aprili

Viateur amesema niendelee kuchemsha.

22 Aprili

Hadija hawezi kusimama. Nywele zinabaki mkononi nikimsuka.

Mchana alikuja Drocella kuchukua kapu lake aliloliacha uani siku ile aliyokamatwa. Tangu atoke kifungoni alikuwa anapitia njia nyingine, na sikumlaumu. Alimwona mtoto kwenye mkeka, akaweka kapu chini.

"Yoo! Huyu ni Hadija? Huyu mwenye kuruka kamba?"

 Nilimwambia nimefanya kila kitu.

"Mama Hadija, nipe huyu mutoto. Kwetu Rubona hakuna mutu mwenye kugonjwa hii ugonjwa. Hata mumoja. Mama yangu atamupikia samaki."

Mimi, niliyesema watu wa ziwani hawapendi usafi, nilimfunga mtoto mgongoni mwake kwa kanga yangu mwenyewe. Kadiri aliporudi tuligombana sana, ila mtoto alikuwa ameshakwenda.

25 Aprili

Mvua. Nyumba kimya. Bado nachemsha maji, sijui ya nani.

29 Aprili

Nimekwenda Rubona kwa miguu na swaumu yangu. Nilimkuta Hadija ameketi juani ameegemea mtumbwi, anakula samaki kwa vidole, mafuta mpaka masikioni. Alinionyesha mguu wake: "Mama, hauwaki tena." Halafu akachovya kikombe ziwani, akanywa.

Niliruka kumnyang'anya. Drocella akanishika mkono.

"Wacha. Anakunywa hivyo tangu alifika. Kama ni kufa, sisi wote tungekuwa tumekufa."

Nikakaa mchangani. Kuna watu wengi pale, watoto uchi wanaopiga mbizi, wanawake wanaopara samaki, mabaharia wa boti wanaotema mate majini. Wote wanakunywa hayo, hawachemshi kitu, na wote wazima. Sisi tunaotii amri ndio tunaozikana. Nimerudi njia nzima nikilirudia jambo hilo moja, na nilipofika penye chemchemi nikasimama nikatazama mlima juu yake. Juu kuna banda la Kadiri.

30 Aprili

Nimepanda bandani mvua ikinyesha. Kadiri alikuwa sokoni.

Sikuwa nimefika huko tangu mwaka jana. Ngozi zimetundikwa safu kwa safu. Pipa la dawa liko mlangoni, na limechorwa fuvu la kichwa na mifupa miwili, picha ambayo hata asiyesoma anaielewa. Sheria inasema dawa ikishachakaa imwagwe kwenye shimo lililojengwa kwa saruji. Najua hivyo kwa sababu mwaka jana mnunuzi wake mkuu alileta mifuko ya saruji mpaka uani kwangu kwa ajili ya shimo hilo, na Mbonigaba alikuja akaihesabu mifuko, akasema vizuri, akaenda zake.

Shimo lipo. Ni udongo mtupu. Limejaa mvua mpaka ukingoni, na upande wa bonde maji yamejichimbia mfereji mdogo. Niliufuata mfereji kwa miguu yangu. Unashuka kwenye majani yaliyokauka, katikati ya masika, kisha unazama ardhini, na hatua chache chini yake ndipo penye ukuta wa chemchemi ya serikali.

Nilichota ya shimoni kwa kiganja. Ni maangavu. Hayanuki.

Kadiri aliporudi sikumngoja avue viatu.

"Saruji ya shimo iko wapi?"

Alivua kiatu kimoja. Kisha akasema, "Unajua pale iko."

"Msikitini."

"Nilitoa kwa Mungu, Zaituni. Birika ya zamani ilikuwa aibu. Na shimo ni shimo, udongo inakunywa. Mi niko nakunywa ile maji kila siku. Nimekufa?"

"Hadija je?"

"Hadija aligonjwa kuhara ya masika! Muganga alisema." Sauti yake ilipanda, halafu ikashuka. "Kama unasema hii maneno inje, watanifunga. Na watu watasema nini, kwamba tunatawadha na nini? Ngoja Idi ipite. Nitachimba ingine."

Nimekuwa mke wa mtu huyu tangu sijaota vizuri matiti. Leo nimemchukia. Naandika hivi wazi ili kesho nisijidanganye.

2 Mei

Nimekwenda kwa Mwalimu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa, akasema tena habari ya rangi, harufu na ladha. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba yeye anajibu habari ya udhu, mimi namuuliza habari ya kunywa. Akasema atafikiri. Naamini anafikiri kweli, lakini watu wanateka huku yeye anafikiri.

3 Mei

Ofisi ya afya. Mzungu wa afya yuko safarini milimani anachanja watu. Nikamweleza Mbonigaba. "Shimo ya Kadiri? Mi mwenyewe niliona saruji," akasema. "Iko en règle, kama sheria inataka." Nikamwomba apande nami akaone. Akacheka, akasema mvua inanyesha, na yeye ana kazi ya kuchunga ziwa.

4–9 Mei

Nawaambia wanawake kwenye foleni wasinywe. Wananiuliza kwa nini. Nikisema "banda" wanatazamana. Mmoja akaniambia nimwache mume wangu apate thawabu zake. Mimi mwenyewe nakunywa maji ya mvua ninayokinga na sufuria. Kadiri anakunywa ya chemchemi mbele yangu kila magharibi, kikombe kizima, na ananitazama juu ya kikombe.

10 Mei

Nilikuwa ofisini tena, bure. Kurudi, namkuta Hadija nyumbani mapajani kwa baba yake. Kadiri amekwenda kumchukua Rubona. Anasema hawezi kukaa Idi bila mwanawe, na hataki ale sikukuu kwa Wakristo. Mtoto amenenepa shavu. Amemletea baba yake ganda la kome kutoka ziwani na kumwekea sikioni, na Kadiri anacheka na machozi.

Nimemwapisha asimpe ya chemchemi. Ameapa. Mvua imekatika tangu jana, sina cha kukinga. Kesho nateka ziwani.

15 Mei

Sasa naandika yaliyopita.

Tarehe kumi na moja, Ijumaa, nilikamatwa na madebe mawili ya maji ya ziwa. Mbonigaba aliyamwaga. Nikamwambia nina mtoto mgonjwa. "Mama Hadija, hata we? Nyumba yangu ya mufano?" Aliumia kweli, uso wake ulionyesha, na kwa kuwa aliumia hakutaka kunisamehe. Jumamosi ni Idi, Jumapili yao haina kazi, kwa hiyo nikakaa ndani mpaka Jumatatu. Nilisikia takbira za Idi kupitia dirishani. Nilipiga kelele juu ya shimo na sumu mpaka wafungwa wenzangu wakaniomba ninyamaze.

Nimefika nyumbani jana mchana. Hadija amelala palepale kwenye mkeka. Kadiri ameketi karibu na sufuria yangu, moto unawaka.

"Alikuwa na kiu," akasema. "Ni Idi, alikula nyama mingi, akalia maji. Nilichemsha, Zaituni. Nilichemsha muzuri, kama wewe."

Nilimmwagia yale maji shingoni. Yalikuwa bado ya moto. Hakuondoka.

16 Mei

Hadija amefariki leo asubuhi.

17 Mei

Waosha maiti walikuja na ndoo zao wamezijaza chemchemini. Nilisimama mlangoni nikasema mwanangu hataoshwa kwa maji hayo. Mwalimu aliitwa, akaniambia kwa upole kwamba huzuni imenizidi. Uani palijaa wanaume wenye kanzu. Nikasema nao, mimi mwanamke, kichwa wazi.

"Shimo la dawa la mume wangu halina saruji. Saruji yake mnatawadhia. Sumu inashuka kwenye chemchemi, na sisi tunaichemsha mpaka iwe nzito, tunawanywesha watoto. Mama Sada amekufa kwa hiyo. Mtoto wa mshona viatu amekufa kwa hiyo. Huyu wa ndani ni wangu."

 Wote waligeuka kumtazama Kadiri, wakingoja aseme nina wazimu. Angesema hivyo wangemwamini, na angebaki mtu mwema wa mtaa mpaka siku yake.  Kadiri akainuka na shingo yake iliyoungua, akachukua madebe mawili, akamwaga maji yaliyokuwamo, akashuka barabara ya ziwani.

Tulitoka barazani tukamwona anapita mbele ya Mbonigaba, aliyeketi akichunga njia ya ziwani. Mbonigaba akasimama. Akatazama watu waliokuwa nyuma yangu, akaketi tena.

Kadiri aliporudi, Drocella na mama yake walikuwa wanakuja nyuma yake na mitungi kichwani. Tulimwosha kwa maji hayo. Drocella alisimama nje kwa kuwa si Mwislamu, akanipitishia mitungi mlangoni mmoja mmoja.

18 Mei

Mwalimu amekwenda ofisini pamoja na Kadiri. Kadiri hakurudi.

24 Mei

Mzungu wa afya amekuja na kupanda mlimani. Amepima maji kwa chupa zake. Chemchemi imefungwa kwa mbao na imechorwa fuvu. Mbonigaba alisimama mbele ya mbao hizo na kofia ileile, akasoma amri mpya: maji yatekwe ziwani tu, na atakayekutwa na ya chemchemi atafungwa. Sauti haikumtetemeka. Nilitaka kumpiga jiwe, na nilikuwa nalo mkononi, ila Drocella alikuwa karibu yangu akaninong'oneza, "Muwache asome, angalau leo anasoma ya kweli."

Birika la msikiti limebaki. Wanaume wanalijaza kwa maji ya ziwa.

29 Mei

Mvua imekwisha. Nimelima.

3 Juni

Leo wameniruhusu kumwona Kadiri gerezani. Amekonda, ngozi ya shingo inabambuka nilipomuunguza, na viganja vyake sasa ni vigumu kama vya Mama Sada. Kumbe na yeye yalikuwa yanamla. Kwa muda nilimwonea huruma, kisha nikakumbuka moto unawaka chini ya sufuria.

Nilimpa viazi na maharage. Alikula kidogo. Nikammiminia maji kutoka kwenye chupa yangu, akapokea kikombe kwa mikono miwili, akakileta mdomoni, akakirudisha chini. Alinitazama.

"Zaituni. Hii iko ya wapi?"

Yalikuwa ya ziwa. Niliyateka mwenyewe asubuhi. Nilifunga kapu langu, nikamwacha na kikombe mkononi, nikaondoka bila kumjibu.